Kitanda cha Dirishani

Uvumi ule ulining'ang'ania kama kupe: eti kuna mtoto wodini alichomwa sindano ya mgonjwa mwingine. Wifi yangu, fundi cherehani, ndiye aliyeniletea. Nikamwambia, "Wifi, hayo ni maneno ya watu tu." Lakini roho haikutulia.

Binti yangu, tunayemwita Chiriku kwa kuongea kwake, alikuwa amelazwa na nimonia. Kuna dawa moja ya sindano inamvimbisha midomo na kumbana pumzi. Daktari nilimweleza, akamwandikia nyingine.

Asubuhi Chiriku akalia anataka dirishani, aone magari. Mama wa kitanda cha dirishani akasema, "Mlete tu, shoga. Wangu amelala, dirisha la nini?"

Tukabadilishana vitanda. Ndivyo tulivyozoea akina mama wodini. Hatukumwambia mtu.

Muuguzi akaja na sindano, moja kwa moja hadi dirishani. Akamshika Chiriku mkono.

Nikataka kuuliza, nikaogopa kuonekana mjuaji. Wifi, aliyekuja kututazama, akanikanyaga mguu niulize.

"Samahani, dada," nikasema. "Hiyo ni dawa gani?"

Akaitaja. Ilikuwa ileile!

"Ngoja, dada! Hiyo inamdhuru huyu! Tumebadilishana vitanda."

Muuguzi akarudisha mkono haraka.

"Ahsante, mama. Dawa hii ni ya yule aliyelala pale. Huyu wako ingemziba koo. Nimefuata kitanda, sikuuliza jina. Kosa langu."

"Na letu pia," nikasema.

"Basi niulizeni kila mara. Sitakasirika."

"Na ukikasirika?" wifi akadakia.

"Uliza tena, kwa sauti kubwa zaidi!"

Wodi nzima ikacheka. Chiriku akauliza, "Kwa hiyo mimi sichomwi?"

"Utachomwa, mama, tena ya kwako mwenyewe!" muuguzi akamjibu.

Muuguzi akamweleza mkuu wa wodi. Sasa kila mtoto anafungwa utepe wa jina mkononi. Kabla ya dawa, muuguzi anausoma na kumwuliza mzazi. Chiriku alipona. Hadi anaruhusiwa, alikuwa anataja jina lake kabla hajaulizwa.

Wazazi wenzangu, epukeni haya:

Kubadilishana vitanda bila kumwambia muuguzi.

Kuficha au kusahau kutaja dawa inayomdhuru mtoto.

Kuitikia jina linapoitwa kabla hujalisikia vizuri.

Kupokea dawa bila kuuliza ni ya nani na ni ya nini.

Kuogopa kuitwa mjuaji. Mimi waniite hata profesa. Chiriku wangu yuko hapa, ananipigia kelele.