Pini ya Jiliwa la Baba

Kila alasiri Pilipili alitoka shule, akachukua chakula cha baba yake nyumbani na kukipeleka kwenye karakana ya maseremala. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa sababu ngumi za binti huyo zilitangulia maneno.

Baba alikatwa mkono wa kulia na msumeno wa mashine, humo humo karakanani. Alipopona, mwenye karakana, mama mmoja asiyependa porojo, hakumfukuza. Alimwita mchomeleaji amtengenezee jiliwa la kukanyaga. Jiliwa ni chuma cha kubana mbao. Lile la baba lilifungwa pedali na mnyororo wa baiskeli. Akikanyaga, ubao unabanwa, na mkono wa kushoto unabaki huru kushika patasi.

Fundi wa meza ya jirani, Bonge, hakupendezwa. "Mimi nikiomba msasa tu naambiwa subiri. Mwenzangu kafungiwa baiskeli nzima."

"Njoo ukatwe mkono wako, ndugu yangu," baba alimjibu, "nikuongezee na kengele."

Siku moja mvulana wa darasa lake alimfuata Pilipili hadi mlangoni, akachungulia. "Kumbe baba yako anafanya kazi kwa mguu, kama kuku anayechakura."

Pilipili alimkamata kola akampiga kichwa cha pua. Damu ililowesha sare zao wote wawili. Aliendelea kumtwanga akiwa chini mpaka mpita njia akamvuta.

Lakini neno lile lilimkwama moyoni. Mafundi walipokuwa nje wakila, aliinama chini ya meza ya baba, akachomoa pini inayoshika mnyororo, akaitia mfukoni. Alidhani pedali ikigoma, baba ataiacha na kufanya kazi kama wengine. Mkono wa pili angeutoa wapi, hilo hakujiuliza.

Baba alirudi, akakanyaga, akaegemea patasi kwa nguvu zake zote. Mnyororo usio na pini ukachomoka, jiliwa likaachia. Ubao ukaruka, patasi ikateleza na kuzama pajani mwake. Damu ikachuruzika juu ya vumbi la mbao.

Fundi mmoja alimfunga paja kwa mkanda. Mwingine akachungulia chini ya meza. "Pini imetolewa."

Wote wakamgeukia Bonge.

"Si mimi, jamani."

"Nani mwingine anaionea wivu pedali hii?"

Kipande cha ubao kilimpasua Bonge nyusi, akaanguka. Mateke yakafuata, ya mbavu na ya mdomo. Wakamkokota, wakaubana mkono wake kwenye jiliwa la meza yake mwenyewe. Mmoja akainua nyundo. "Na yeye abaki na mmoja, ajue utamu wake."

Pilipili aliishika pini mfukoni. Akisema, watamrukia yeye. Akinyamaza, mfupa utavunjika. Alijipenyeza akaulalia ule mkono.

"Ni mimi. Pini hii hapa."

Nyundo ilibaki hewani. Mwenye karakana akaingia, akampokonya yule fundi. "Nimehangaika kumwekea mtu mmoja meza inayomfaa. Ninyi mnataka kunitengenezea wa pili? Wapelekeni hospitali wote wawili."

Bonge alirudi kazini na mbavu zilizovunjika, hawezi kuinama. Mwenye karakana aliamuru meza yake iinuliwe juu ya magogo. Hakuna aliyesema amependelewa. Pini ya baba ilirudishwa na kufunikwa kwa bamba la chuma, na aliyelisugua bamba hilo kwa tupa hadi likawa laini ni Pilipili, baada ya kumwomba radhi Bonge, na yule mvulana pia.

"Umenipigisha bure, mwanangu," Bonge alimwambia, mdomo bado umevimba. "Ila mikono ni miwili tu, na mmoja wewe umeniokolea."

Baba alimwita binti yake mezani. "Ulimpiga mtoto wa watu kwa sababu ya aibu, ukanichoma mimi kwa aibu hiyo hiyo. Mashine ilinikata bila kujua. Wewe ulijua. Pedali hii ndiyo mkono wangu, na anayemwondolea mtu kifaa chake cha kazi amemkata mara ya pili."

Kisha akakanyaga, ubao ukabanwa, akaanza kazi.