Tundu Nyuma ya Picha ya Babu

Kila Jumamosi asubuhi, mvua isiponyesha, Imogen na baba yake waliosha karavani. Ilikuwa nyumba ndogo nyeupe ya magurudumu mawili, inayokokotwa na gari, na ilijaza ua wote wa mbele wa nyumba yao mjini Beverley. Baba alisugua juu, Imogen akasugua chini, na jirani yao Keith hakukosa la kusema.

"Graham, utaisugua hiyo mpaka itoboke!"

"Wivu tu huo," Baba alimjibu. "Yako imeota kuvu mpaka kwenye mito."

Mwenye karavani hasa alikuwa Bibi Maureen, mama yake Baba. Aliinunua pamoja na marehemu mumewe, wakakaa nayo kiangazi kimoja tu ufukweni Hornsea kabla mzee hajafariki. Tangu hapo Bibi aliishi kwa kusubiri kiangazi. Baridi ilimkuta anahema kwa shida, mguu haumtii, lakini ukimtajia Hornsea anakaa wima. Hoteli hakuzitaka hata kuzisikia.

"Nitalala kwenye kitanda nilicholala na mume wangu," alisema, na hapo mjadala uliisha.

Kiwanda kilikuwa kimetoa dhamana ya miaka kumi: maji yakipenya ukutani, kitatengeneza chenyewe. Masharti yalikuwa mawili. Karavani ifanyiwe sevisi kila mwaka, bila kuchelewa, na fundi anayetambuliwa na kiwanda, apime unyevu wa kuta na kugonga muhuri wake. Na ukuta usitobolewe. Baba aliyashika masharti hayo kuliko sala zake. "Hata pini sitaki kuiona humu ndani," alizoea kusema.

Imogen alijua yote hayo. Lakini Oktoba, siku ya kuzaliwa ya Bibi, alitaka kumfurahisha. Alichukua bisibisi na skrubu, akatundika picha ya Babu ukutani kando ya kitanda. Alipozunguka nje alikuta ncha ya skrubu imechomoza. Aliing'oa mbio mbio, nje akaziba tundu kwa rangi nyeupe ya kucha, ndani akaibandika picha kwa gundi juu yake.

Bibi alipoiona alilia kwa furaha. Baba naye akamsifu: "Umetumia gundi. Mtoto mwenye akili huyu!" Imogen alitabasamu. Aliahidi moyoni kwamba atasema kesho. Kesho ikaja na kesho yake, na mvua za baridi zikaanza kunyesha mfululizo. Aprili ilipoleta joto kidogo, Bibi alianza kulala ndani ya karavani usiku mmoja mmoja, akikisubiri kiangazi.

Mei ilipofika, Bwana Colin Sugden, fundi wao wa kila mwaka na rafiki wa Baba, alikuja kufanya sevisi. Alikagua breki, gesi na taa, kisha akapitisha kipima unyevu ukutani. Kando ya kitanda cha Bibi kile kifaa kilianza kulia na hakikunyamaza. Fundi alibandua picha. Alipobonyeza ukuta, kidole kilizama kama kwenye mkate uliolowa.

"Graham, hapa pametobolewa," alisema kwa sauti ya chini.

"Na nani? Aliyeingia humu na vyuma ni wewe mwenyewe, mwaka jana!"

"Angalia maneno yako, bwana. Tumefahamiana muda mrefu."

"Ndiyo maana inaniuma! Nitakuripoti kiwandani, wakufute kwenye orodha ya mafundi wao."

"Wakinifuta nafunga karakana. Unalijua hilo."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fimbo yake. "Colin," alisema, "nilikuamini."

Imogen alikuwa nyuma ya Bibi, ameshika trei ya chai. Alielewa vizuri kabisa: akinyamaza, lawama itamwangukia fundi, kiwanda huenda kikatengeneza ukuta, na Bibi ataenda Hornsea. Hakuna atakayejua. Akamtazama yule mtu mzima aliyeinamisha kichwa kama mwizi, akaiweka trei chini.

"Ni mimi," alisema. "Nilitoboa mimi. Bwana Sugden hakufanya kitu."

Baba aligeuka mwekundu, kisha mweupe. Alipomwomba fundi radhi, fundi alikuwa tayari anakusanya vifaa vyake.

"Muhuri nitagonga, kwa sababu sevisi nimefanya," alisema. "Lakini ukuta uliotobolewa dhamana haiugusi. Na wewe Graham, ungeniuliza kwanza. Tumejuana muda wote huu!" Aliondoka bila kugusa chai. Hakurudi tena kwao, na Baba hakuwa na wa kumlaumu.

Kiwanda kilikataa, kama walivyotarajia. Kubadilisha ukuta mzima kulizidi uwezo wa Baba. Mwishowe, kwa ridhaa ya Bibi, alimpata mnunuzi, mtu anayefufua karavani mbovu, akamweleza kila kitu bila kuficha. Asubuhi ya Juni karavani ilikokotwa ikaenda zake. Bibi alitazama kutoka dirishani mpaka ilipokata kona.

Imogen alipiga magoti kando ya kiti chake. "Nisamehe, Bibi. Nilitaka ufurahi."

"Najua. Tundu nililisamehe kabla hujamaliza kulitaja." Bibi alimshika kidevu. "Lakini sikiliza. Ungesema siku ile ile, Colin angeliziba, basi, yakaisha. Ulinyamaza, mvua haikunyamaza. Nikalala nimeegemea ukuta unaooza, wewe unanitakia usiku mwema. Baba yako akamvunjia heshima rafiki yake. Ukikosea, sema ungali na la kutengeneza."

"Nitasema, Bibi. Kuanzia leo nitasema mapema."

"Sema, mjukuu wangu. Ila kiangazi hiki kimeshanipotea, na mimi sijabakiwa na vingi."