Redio Isiyo na Betri

Daraja la kamba lilikatika wakiwa katikati. Mpimaji wa mvua alidaka gogo, akajivuta mpaka ukingoni. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa amebanwa mguu kati ya miamba. Kumchomoa kulimmaliza nguvu mwanamke wa watu. Akamburura kwenye matope hadi kibanda cha vipimo, mguu umevimba, damu haikatiki. Mto ulishawafungia njia. Msaada ulikuwa ng'ambo, na cha kuuita ni redio ya kibandani tu.

"Maji," shemeji alinong'ona.

Akamnywesha, akamfunga jeraha kwa mtandio wake, kisha akafungua sanduku la redio. Mahali pa betri palikuwa patupu.

Msimu uliopita ni huyuhuyu shemeji aliyefunga kibanda. Na kule nyumbani nani asiyejua kwamba kitu kikipita mikononi mwake hakirudi? Drili ya mumewe ilikwenda hivyohivyo, na ngazi ikaifuata.

"Shemeji, betri umezipeleka wapi?"

Homa ilikuwa imempanda, macho ameyafumba. Mpimaji akauvuta mkoba wa shemeji, akaumwaga sakafuni: soksi, wembe, picha ya mama mkwe. Betri hakuna. Rafuni palikuwa na tochi ya zamani. Akaifungua haraka. Betri zake zilikuwa zimevuja na kuganda kwa unga mweupe, springi imeliwa na kutu.

"Usiuguse huo unga, utakubabua."

Shemeji alikuwa macho. Alikuwa anaangalia vitu vyake vilivyotapakaa.

"Za redio umeziuza, sivyo?"

"Ziko kwenye kopo la chai, lile la mfuniko wa kukaza. Nilizitoa mwenyewe. Kibanda hiki kina unyevu. Zikilala ndani ya redio miezi yote hiyo zinavuja, zinakula vyuma. Hiyo tochi ndiyo niliisahau."

Mpimaji akalifungua kopo bila kuamini. Betri zilikuwa zimeviringishwa kwenye karatasi, kavu kabisa. Bado akazigeuzageuza akitafuta hila. Akazipachika, na redio ikakoroma.

"Kituo! Tuna majeruhi kibandani, mguu umevunjika!"

"Tumekusikia. Mfunge mguu kwa mbao, uuinue. Tunakuja."

Waokoaji walivuka kwa kamba asubuhi yake. Muuguzi wao akaupapasa mguu, akasema wangechelewa kidogo tu ungekatwa. Mpimaji alilia waziwazi, aibu na furaha zimemkaba pamoja. Akainama kando ya machela.

"Nisamehe, shemeji. Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Tangu siku uliyoolewa unanidhania hivyo." Sauti yake haikuwa na hasira wala utani. "Mguu wameshasema utapona."

Akageuza uso upande wa pili, na wabebaji wakamwinua.