Kengele Haina Mkwe

Basi la saa tatu lilikuwa limeshafunga mlango pale mwanamume mmoja alipochomoka katikati ya watu na mizigo, spika begani, kola ya shati imekaa upande, akipiga kelele kama aliyeibiwa.

"Dada! Lisimamishe! Nusu dakika tu!"

Dada mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya ofisi ya kituo: sketi ya buluu iliyonyooka pasi, kilemba cha njano, saa ya kiume mkononi. Yeye ndiye aliyeruhusu mabasi kuondoka, na madereva walimwita Bi Dakika, wengine kwa heshima, wengine kwa hasira. Akapuliza filimbi. Basi likaenda zake.

"Basi la saa tatu linaondoka saa tatu, kaka."

"Lakini uliniona nakuja!"

"Nilikuona. Ningekungoja wewe, wale arobaini waliowahi ningewaambia nini?"

Mwanamume akatua spika, akaikalia, akacheka mpaka wapagazi wakageuka. Wapo wanaopendana kwa kutazamana. Huyu alipenda kwa kunyimwa basi. Kesho yake, kwa safari ya saa tatu, alifika saa kumi na mbili, na chupa ya chai na vikombe viwili.

Alikuwa fundi wa vipaza sauti, mwenye kibanda nyuma ya soko. Mikono yake ilijua kila waya, ila saa haikuijua kabisa. Mwaka mzima simu zao zilikuwa hizo hizo.

"Uko wapi, Fundi?"

"Niko njiani, kipenzi."

"Njia gani hiyo yenye maji ya bomba? Maliza kuoga, uje."

"Wewe mwanamke ni mchawi!"

"Mchawi anakungoja kwa dakika kumi na moja sasa."

Walipendana, ndiyo hivyo, wala hawakujificha. Mwezi wa tano mama yake Fundi alifariki kijijini. Bi Dakika alinyimwa ruhusa kazini, hakwenda kuzika, na jambo hilo lilimkaa moyoni. Baba mkwe mtarajiwa alikuwa hajawahi hata kumwona.

Ndiyo maana Fundi alipomwambia kwamba tamasha la muziki wa asili la kijijini kwao linatafuta mtu wa kujitolea kushika muda, alikubali kabla hajamaliza kuomba. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu, alikuwa amechoka kufunga tamasha gizani kila mwaka. Sharti likawa jepesi: kila kundi dakika kumi na mbili. Kengele ikilia, Fundi, aliyejitolea kwenye meza ya sauti, anazima vipaza sauti.

Wiki moja kabla, Fundi alipiga simu, na sauti yake haikuwa na mzaha.

"Mpenzi, kundi la baba wape dakika ishirini."

"Kwa nini?"

"Nakuomba tu."

"Nipe sababu, niipeleke kwa mwenyekiti."

"Sina sababu ya kusema."

"Basi na mimi sina dakika za kutoa. Kengele haina mkwe, Fundi."

 Fundi akasema, "Haya," na kukata simu.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa mapema. Maturubai yalipigwa misumari na walimu, vyombo vilioshwa na wauguzi, na mshona viatu mmoja wa mjini alielekeza magari akiwa na mamlaka ya jenerali. Bi Dakika alikaa kando ya jukwaa, gauni la kijani, viatu vya chini, kengele ya shaba mapajani. Aliwakata wapiga marimba. Aliwakata hata waimbaji walioletwa na diwani, na watu wakampigia makofi.

Saa nane wakapanda wazee sita. Aliyetangulia, mrefu, koti la kahawia lililofungwa vifungo vyote, alishika zeze. Pua yake ilikuwa pua ya Fundi. Waliimba wimbo mmoja tu, polepole, ubeti baada ya ubeti, na kila ubeti ulimtaja mtu kwa kazi yake: mfua vyuma, mkunga, mchunga mbuzi. Dakika ya kumi na mbili ikatimia. Mzee alikuwa ndiyo kwanza amefumba macho, amevuta pumzi ya ubeti mwingine.

Kengele ikalia. Fundi akamtazama Bi Dakika kutoka kwenye meza yake, muda mrefu. Kisha mkono wake ukashuka, na sauti ya baba yake ikapotea.

Mzee alifumbua macho. Hakugomba. Alilifunga zeze kwenye kitambaa, akashuka. Bi Dakika alipomfuata Fundi nyuma ya maturubai, alimkuta amegeuka mtu mwingine.

"Umenifanya nimzimie baba yangu sauti."

"Ni sheria, mpenzi. Uliijua."

"Niliijua. Ndiyo maana niliizima. Sasa niache."

Alimpigia simu mara nne jioni ile. Ilikuwa imefungwa.

Aliyemfungulia mambo ni shangazi yake Fundi, kwenye beseni la vyombo, mikono imejaa povu.

"Wimbo ule ni wa marehemu wa kundi," shangazi alisema. "Kila aliyekufa ana ubeti wake. Ubeti mpya hautajwi kwa mtu yeyote mpaka uimbwe hadharani mara ya kwanza. Ndiyo maana mtoto alinyamaza. Mimi nimetaja, wanisamehe. Mdomo wangu haujawahi kufungwa na mtu."

"Ubeti mpya ni wa nani, shangazi?"

"Nani alikuwa akipiga kayamba pale kwa miaka thelathini? Wifi yangu. Mama yake."

Bi Dakika aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alilia, na ni haki yake. Lakini hakulia muda mrefu. Alifuta macho kwa kilemba, akaenda kwa mwenyekiti.

"Nataka dakika ishirini kesho."

"Binti, kesho kuna makundi ishirini na mawili. Ratiba imejaa pomoni. Muda si wangu, ni wao."

"Wakinipa wao?"

Mwenyekiti akavua miwani. "Wakikupa, ni wako."

Alfajiri ya Jumapili alianza kupita madarasa ya shule, makundi yalimolala, kalamu na karatasi mkononi. Aliomba dakika moja tu kwa kila kundi, na akasema kweli: jana niliukata wimbo wa msiba.

"Mwaka juzi ulininyima basi pale kituoni!" kijana wa filimbi alimwambia. "Nilichelewa sekunde tano!"

"Tisa."

Kijana akacheka, akatia sahihi. Kiongozi wa akina mama alimkazia macho: "Dakika si chumvi ya kuazimana." Kisha akauliza msiba ni wa nani, na alipojibiwa akachukua kalamu, akatia sahihi. Makundi mawili yalikataa, naye akayashukuru vilevile. Kufikia saa mbili, karatasi ilikuwa na sahihi ishirini.

Mzee alikuwa kwenye baraza la shule, mzigo umeshafungwa. Fundi alikuwa pembeni akikunja nyaya, hakuinua kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye yule asemaye kengele haina mkwe."

"Ndiye mimi. Nilifuata sheria, baba, na nimewaumiza. Sikuja kuzika, halafu nikaja kukata. Hizi hapa dakika ishirini. Sikuiba hata moja."

Mzee aliisoma karatasi yote, kidole kikishuka sahihi kwa sahihi.

"Na kengele atashika nani?"

"Mimi. Ishirini zikitimia, nitapiga."

Fundi aliinua kichwa kwa hofu. Mzee akamtazama binti kutoka kwenye viatu mpaka kilemba, akaanza kufungua mzigo.

"Ungesema hutapiga," alisema, "nisingepanda. Sitaki kuonewa huruma."

Saa kumi jioni wazee sita walirudi jukwaani. Mfua vyuma akapita, mkunga akapita, mchunga mbuzi akapita. Ubeti wa mwisho mzee aliimba peke yake:

*Mwenye kayamba kaenda, mdundo katuachia,*
*Chungu cha watu wanne, kumi wakajishibia.*

Kwenye meza ya sauti Fundi alilia waziwazi, huku akiipandisha sauti ya baba yake. Uwanja mzima uliimba kiitikio.

"Bi Dakika," mzee aliita, "zimebaki ngapi?"

"Mbili, baba."

"Ni zetu?"

"Ni zenu."

"Nampa mwanangu. Alichelewa hata kuzaliwa, leo awahi."

Fundi alipanda jukwaani, nyaya bado shingoni. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, na sekunde arobaini zikapita hajasema kitu.

"Jana nilikukasirikia," alianza, "kwa sababu ulikuwa wewe. Na usiku sikulala, kwa sababu nilikupenda kwa hilo hilo. Mimi nitachelewa, najijua. Lakini nataka kila ninapochelewa, niwe nachelewa kurudi kwako. Kwa hiyo nauliza, mbele ya baba, na mbele ya mama aliyeimbwa sasa hivi, kama uta..."

Kengele ikalia.

Watu waliangua kicheko. Bi Dakika alisimama, akanyoosha gauni. Kwa kuwa mwenye meza ya sauti alikuwa jukwaani, alikwenda mwenyewe, akakizima kipaza sauti cha Fundi. Kisha akapanda zile ngazi tatu, akamvua nyaya shingoni taratibu, na kumwambia neno moja sikioni. Fundi akakaa chini palepale, kama siku ile kwenye spika.

"Kasema nini?" shangazi alipiga kelele kutoka kwenye vyombo. "Huku hatusikii! Kasema nini?"

Mzee alikuwa karibu, amesikia. Alitia zeze kwapani, akapaza sauti yake bila msaada wa mashine yoyote.

"Kengele haina mkwe," alisema. "Mimi ninaye."