Palia Pande Zote

Ekseli ya nyuma ilikatika kwa mlio mkavu, pikapu ikalala upande katikati ya barabara ya vumbi, na chungu cha chuma kikaanza kutembea. Scovia alikisikia kabla ya kukiona. Kilikata kamba, kikateleza nyuma ya gari, kikaugonga mtungi mkubwa wa maji ukapasuka. Sammy, dereva na mwenye gari, alikuwa ameshateremka mbio kwenda kuangalia gurudumu. Chungu kikaruka ukingo wa gari na kumwangukia mguuni.

"Yawa! Mguu! Toeni hii kitu!"

Mwikwabe alikikumbatia chungu na kukiondoa huku akiguna. Tima alichana leso yake katikati, akamfunga Sammy kifundo cha mguu, akakaza mpaka Sammy akatukana. Scovia alikuwa amepiga magoti chini ya gari akikinga maji kwa viganja, lakini udongo wa bonde la Lambwe ulikuwa haujaonja mvua tangu Krismasi. Uliyanywa yote mbele ya macho yake.

"Unaweza kukanyaga?" akamuuliza Sammy.

"Jaribu kukanyaga wewe na huu mguu wangu."

Kifundo kilikuwa kimeshavimba, na Scovia akakitazama kwa hofu. Si kwa sababu ya gari. Gari litatengenezwa. Ni kwa sababu ya Bathsheba.

Hao wanne walikuwa wamesoma darasa moja la sekondari pale Migori, na sasa, Februari ya mwaka 1996, Scovia alikuwa amewatia wenzao wote wazimu. Alikuwa mwalimu Homa Bay, mtu asiyejua kupanga jambo kimyakimya. Alimwandikia huyu, akampigia simu yule, akamfuata mwingine mpaka sokoni: likizo ya Aprili darasa lote likutane porini, walale kwenye mahema, wapike kwa moto wa kuni, waimbe mpaka sauti zikauke! Watu walichangamka. Wengine walianza kugombania nani atalala karibu na nani. Kisha wakasikia ni Lambwe, wakaanza kutaja nyoka na mbung'o.

Bathsheba, aliyekuwa kiranja enzi zile na hakuwahi kujiuzulu, ndiye aliyetoa hukumu. "Nendeni nyinyi wa kwanza. Mlale usiku mmoja, mpike kwa hilo dude lenu, mrudi. Mkirudi wazima, tunaenda. Mmoja akija na mkwaruzo hata kidogo, tunakutana hotelini Migori, tunakunywa soda, kila mtu kwake."

Hilo dude ndilo lililokuwa roho ya mpango. Walilichukua asubuhi hiyo Macalder, kwa nyanya yake Sammy, ambako kuku walikuwa wakilinywea maji tangu wachimba dhahabu wa zamani walipofunga mgodi na kuondoka. Chungu kizito cha chuma, chenye miguu mitatu na mfuniko wa bapa wenye kingo, ili makaa yakae juu yasimwagike. Tima alipokiona alipiga kigelegele palepale. Familia yake ilikuja Migori kufanya biashara ikitokea Mombasa, na nyumbani kwao mkate wa kumimina ulipikwa kwa moto wa chini na wa juu, makaa yakiwekwa kwenye kipande cha bati. Sasa hapa palikuwa na chungu kilichozaliwa kwa kazi hiyo! Alikuwa amekwisha kusaga mchele, akachanganya na tui, sukari, iliki na hamira ndani ya ndoo. Kwa joto la safari mchanganyiko ukaumuka njia nzima na kusukuma kifuniko, hadi Mwikwabe akaagizwa kuukalia. Alikalia ndoo kutoka Macalder bila kunung'unika. Mwikwabe alikuwa akibadilisha pesa mpakani Isebania, ana maneno mengi na viatu vinavyong'aa, lakini Tima akisema neno, yeye hutii kwanza na kuuliza baadaye.

"Magunga, anakotungoja Bathsheba, ni wapi?" akauliza sasa.

Sammy alinyoosha kidole kuelekea vilima vya Gwasi, vya buluu kwa mbali. "Kule. Kwa miguu ni mbali, na mimi siendi popote."

"Basi tunabaki," Scovia akasema. "Bathsheba ako huko kwa Onyango, mwenye shamba. Tukichelewa atakuja kututafuta. Maji ni huo mtungi mdogo tu. Mtu anakunywa kifuniko kimoja, na Sammy anapata viwili."

"Na moto usikae karibu na gari," Sammy akaongeza. "Nasikia harufu ya petroli."

Wakamlaza kwenye kiti cha mbele, mguu juu ya dashibodi. Wale watatu wakabeba chungu, majembe, panga, mablanketi, ndoo na mtungi mdogo mpaka mahali tambarare mbali na barabara, wakiingia kwenye nyasi zilizowafika kifuani, kavu, zinazokwaruza. Mbung'o waliwauma kupitia nguo. Hata hivyo Tima alikuwa akiimba, na Scovia, pamoja na hofu yake yote, alijikuta akiitikia. Mahali palikuwa pazuri. Alishaona mahema yangesimama wapi.

Wakafyeka padogo kwa panga, wakawasha moto, wakamimina mchanganyiko ule kwenye chungu. Kisha Scovia na Tima wakaondoka kutafuta kuni zaidi, na maji kama yapo, kwenye korongo walilokuwa wamelipita. Walipokuwa wameshafika mbali Tima aligeuka, akaweka mikono mdomoni.

"Mwikwabeee! Makaa yakikolea, palia! Palia pande zote, usiache pengo!"

"Nimesikia, dada!"

Korongo lilikuwa kavu. Walichimba mchanga kwa mikono mpaka kucha zikauma, wakapata unyevu usiojaza hata kijiko. Walirudi kuni kichwani, ndimi zimegandana na makaakaa. Walipofika, Tima aliangusha mzigo wake wote.

Chungu kilikuwa palepale motoni, mfuniko mtupu, bila kaa hata moja juu. Lakini kukizunguka, nyasi hazikuwepo. Palikuwa na duara kubwa la udongo mwekundu, ungeweza kuchezea netiboli, limelimwa mpaka mizizi, na magugu yametupwa nje mbali. Katikati alisimama Mwikwabe, shati mkononi, jasho likimtiririka, viatu havitambuliki.

"Mwikwabe," Tima akasema polepole. "Nilikwambia ufanye nini?"

"Nipalilie. Pande zote, nisiache pengo."

"Palia! Nilisema palia! Uweke makaa juu ya mfuniko!"

"Nyinyi watu wa pwani mnameza maneno. Kwetu Kuria, mtu akikwambia hivyo, unashika jembe. Mamangu alinilea kwa kupalilia tumbaku, na hakuna siku aliniambia niweke makaa."

Scovia aliketi chini akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Tima alijaribu kukasirika, akashindwa, akajipiga paja. Kutoka kwenye gari Sammy alipaza sauti akitaka kujua kuna nini, nao walipomweleza kwa kelele, wakasikia honi ya pikapu ikilia kwa furaha. Tima akachukua panga, akapakua makaa, akayapanga juu ya mfuniko mwenyewe, kaa kwa kaa, huku Mwikwabe akitazama kwa makini.

"Kumbe ni hivyo tu," akasema. "Ungeniambia nipange makaa."

Upepo wa alasiri ukaanza kuvuma kutoka ziwani. Scovia ndiye aliyeona panzi kwanza. Walikuwa wakiruka kwa wingi, wote upande mmoja. Halafu ngiri na watoto wake wakapita mbio, mikia juu, bila kuwajali watu wala moto. Akageuka kutazama wanakotoka. Upande wa ziwa anga lilikuwa limepoteza rangi, na chini yake ukatambaa moshi mpana.

"Nyasi zinaungua," Tima akanong'ona.

"Zinakuja," Mwikwabe akasema. "Upepo uko huku."

Scovia aliangalia vilima, akaangalia barabara, akapima mwendo wa moshi. Hata wangekuwa wanne wenye miguu mizima wasingeushinda.

"Sammy!"

Walikimbia pamoja yeye na Mwikwabe, nyasi zikiwachapa nyuso. Sammy alikuwa amefunga vioo.

"Ingieni! Tujifungie hapa ndani!"

"Petroli inavuja, Sammy! Toka!"

"Siwezi kuacha gari yangu, omera, ndugu yangu, mimi nakaa."

Scovia alifungua mlango kwa nguvu. Hakubembeleza. Alimshika kola, Mwikwabe akamshika kiunoni, wakamvuta nje akilia kwa maumivu, na Mwikwabe akamtupa begani. Waliporudi kwenye duara sauti ya moto ilikuwa inasikika tayari, mpasuko usiokoma, na majivu yanadondoka vichwani mwao.

"Ongezeni!" Scovia akapiga kelele. "Upande wa upepo! Palieni!"

Mwikwabe alishika jembe, Tima jembe la pili, Scovia panga. Sammy alijiburuta kwa makalio na kung'oa nyasi kwa mikono. Udongo uliruka, mizizi ikakatika, damu ikawatoka viganjani, na duara likaongezeka hatua kwa hatua kuuelekea moto. Kisha joto likawafikia usoni na Scovia akajua muda umekwisha.

Alishika mtungi mdogo. Wote wakautazama. Koo zao zilikuwa kavu kiasi kwamba kumeza mate ilikuwa kazi.

"Tukinywa, tunaungua," akasema. Akaufungua na kuyamwaga maji yote juu ya mablanketi, akiyakanda yaingie kila mahali. Moyo ulimuuma kusikia yanavyolia yakitoka.

Walilala kifudifudi katikati, wamebanana ubavu kwa ubavu karibu na chungu, pua ardhini, mablanketi juu. Scovia alimkumbatia Sammy shingoni. Alisikia Tima akimwomba Mungu upande mmoja, na Mwikwabe akimwomba upande mwingine, kila mtu kwa lugha yake. Kisha hakusikia chochote isipokuwa moto. Ulinguruma, ukafika ukingoni mwa udongo, ukatafuta nyasi ya kushika. Hewa ikawa ya kuchoma kifua. Cheche zilianguka juu ya blanketi na Mwikwabe akatoa mkono akazipiga, akarudisha, akatoa tena. Scovia alikuwa na wazo moja tu: nimewaleta mimi, mimi ndiye nimewaleta.

Kitu kikalipuka barabarani, bu! Ardhi ikatetemeka chini ya matumbo yao.

Na polepole ngurumo ikawahama. Ilipita kushoto, ikapita kulia, ikaungana nyuma yao na kuendelea zake kuelekea vilima.

Scovia alifunua blanketi. Bonde lote lilikuwa jeusi, linafuka moshi. Palipobaki pekundu ni pale walipolala. Walishikana, wakatikisana, wakacheka na kulia kwa pamoja kama vichaa, nyuso zimejaa masizi. Tima alimshika Mwikwabe masikio mawili.

"Palilia maisha yako yote," akamwambia. "Mimi sitakusahihisha tena."

Sammy alikuwa akitazama barabara. Pikapu ilikuwa mifupa inayowaka. "Nilikuwa nimekaa pale," akasema. "Kwa kile kiti." Hakuuliza tena habari za gari.

Lakini kiu ikarudi na moshi, kali kuliko mwanzo. Walikaa wakitazama upande wa Magunga, midomo imepasuka, hakuna aliyethubutu kuulizia maji. Jua lilikuwa limeinama kidogo waliposikia injini. Trekta lilitokea kwenye majivu, Onyango akiliendesha, pipa la maji kwenye tela, na kando ya pipa Bathsheba amesimama. Waliuona moshi kutoka Magunga, wakauzunguka moto kwa njia ya mbali. Bathsheba aliiona pikapu kwanza, na Scovia hatausahau ukelele alioutoa.

"Bathsheba! Tuko huku! Wote!"

Alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni, akawagusa vichwa mmoja baada ya mwingine, hata akarudia. Wakanywa mpaka matumbo yakawavimba, wakajimwagia vichwani. Hapo ndipo macho ya Bathsheba yaliposhuka hadi kwenye leso ya Sammy.

"Si nilisema mkwaruzo hata kidogo?"

"Huu si mkwaruzo," Sammy akasema. "Hiki ni chungu."

Scovia hakuwa na nguvu za kubishana. Alisimama mbele ya kiranja wake akiwa ametapakaa majivu, akasema kile kilichomuuma kuliko viganja. "Umeshinda. Tutakutana hotelini. Nitawaambia watu wote mwenyewe."

Bathsheba alikuwa akinusa. Tima naye akanusa, akashika kichwa, "Mkate wangu!" na kwa ncha ya panga akainua mfuniko. Mkate ulikuwa umepanda mpaka juu, chini umeungua kidogo, juu umekuwa wa dhahabu, harufu ya iliki na nazi ikatapakaa katikati ya lile jangwa la majivu. Aliukata vipande, cha kwanza akampa mgeni.

Bathsheba aliuma. Machozi bado yalikuwa yakimtoka, akitafuna na kulia, akilia na kutafuna.

"Nani ametaja hoteli?" akasema mwishowe, mdomo umejaa. "Hoteli gani watakupikia hii? Leteni kingine. Na Aprili mje na majembe."

Aprili ilipofika mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na Lambwe imefunikwa na nyasi changa, kijani mpaka Gwasi. Darasa lote lilikuja, na watoto wao, na mahema ya kuazima. Sammy alishuka mwisho kutoka kwenye lori, fimbo mkononi, akamwonyesha kila mtu chungu kilichomvunja mguu kwa majivuno makubwa. Kikatengwa katikati ya duara lilelile. Tima alisubiri kuni ziwe makaa, akashika kiuno, akapaza sauti kambi nzima isikie:

"Haya jamani! Palieni!"

Nusu yao walikimbilia makaa, nusu wakakimbilia majembe. Tima alimtazama Scovia, Scovia akamtazama Tima, na hakuna aliyemsahihisha mtu.