Pasi Iliyokuwa Ikijizima

Ijumaa asubuhi ukipita Waa, utanusa harufu mbili: ubani, na nguo zinazopigwa pasi. Wanaume wanataka kanzu zao zinyooke kabla ya swala. Na kanzu nyingi za mtaa mmoja wa Waa hunyooshwa na mwanamke mmoja, Twaiba mke wa Feisal.

Twaiba hupigia pasi nyumbani kwake, katika chumba cha mbele. Hutandika blanketi juu ya meza, akatandika na shuka, kisha akaanza kazi. Mumewe ni mpishi katika hoteli moja ya Diani, naye huondoka alfajiri. Watoto huenda shule. Nyumbani hubaki Twaiba na mama yake, Bi Mbeyu.

Bi Mbeyu aliteleza bafuni mwaka jana akavunjika nyonga. Tangu siku hiyo hatembei bila kushikwa. Hulala chumba cha ndani, na mlango huachwa wazi ili mambo ya ulimwengu yasimpite.

Kwa miaka mingi Twaiba alitumia pasi ya makaa. Ilimchosha mkono, na mara kwa mara ilimwaga majivu juu ya kanzu za watu. Basi Feisal akamnunulia pasi ya stima huko Ukunda. Ilikuwa mpya, ya buluu, na taa ndogo nyekundu kwenye mkono wake. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya maelezo. Twaiba aliitazama, akaona ni Kiingereza kitupu, akawashia jiko.

Ijumaa ya kwanza pasi ilifanya kazi vizuri sana, mpaka Hanifa alipopiga hodi.

Hanifa ni jirani na shoga yake Twaiba. Na salamu za watu wa Waa si salamu za kurushiana kutoka mbali. Lazima uache unachofanya, uende mlangoni.

"Hodi! Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Karibu, shoga yangu. Umeamkaje?"

"Salama, alhamdulillahi. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, wameenda shule. Na wako?"

"Wazima. Mama anaendeleaje?"

"Nyonga inamsumbua, lakini leo amekunywa uji wote."

"Ngoja nimwamkie. Shikamoo, Bi Mbeyu!"

"Marahaba, mwanangu!" Bi Mbeyu alijibu kutoka ndani. "Mumeo hajambo? Na yule mkweo wa Majoreni, miguu imepoa?"

Mpaka mkwe wa Majoreni aulizwe, ajibiwe na aombewe dua, robo saa ilikuwa imekwisha. Twaiba aliporudi mezani alikuta pasi imepoa. Ile taa nyekundu ilikuwa ikiwaka na kuzimika, ikiwaka na kuzimika, kama inamkonyeza. Akaishika pasi, akaisogeza. Punde ikapata moto tena.

Akaja mwenye kanzu yake. Salamu. Pasi ikazima. Akaja muuza samaki. Salamu, na kupatana bei. Pasi ikazima. Siku nzima ikawa hivyo.

"Pasi gani hii?" Twaiba alilalamika jioni. "Nikiipa mgongo tu, inalala. Ni mvivu kuliko paka!"

Feisal alicheka. "Labda haipendi wageni."

"Wewe cheka tu. Kanzu za watu zinachelewa."

Kesho yake Twaiba aliifunga pasi katika leso akaipeleka kwa Chirau. Chirau ni fundi wa redio na simu, mtu wa makamo mwenye mikono myepesi. Kibanda chake kiko kando ya barabara kuu. Hakusomea umeme popote. Alijifunza kwa kufungua vitu na kuvifunga tena.

"Inazima yenyewe?" Chirau aliuliza.

"Yenyewe, fundi. Nikiiacha kidogo tu."

Chirau alifungua skrubu, akachungulia ndani ya mkono wa pasi.

"Nimeuona ugonjwa wake. Kuna kiswichi humu. Hiki ndicho kinachokata moto."

"Kimeharibika?"

"Kama kinakata moto bila kuambiwa, si kimeharibika hicho?"

Hapo ndipo walipokosea, wote wawili. Hakuna aliyejiuliza kiswichi kile kiliwekwa kwa kazi gani. Chirau alikiondoa, akaunganisha waya kwa waya.

"Sasa haitazima mpaka uizime wewe," alisema.

"Mungu akubariki, fundi," alisema Twaiba.

Wiki tatu zikapita kwa raha. Twaiba aliamkiana na watu mpaka akatosheka, na kila aliporudi mezani alikuta pasi ina moto wake. Akamsifu Chirau kwa kila mtu.

Ijumaa ya nne, saa nne asubuhi, stima ikapotea. Kupotea kwa stima si jambo geni. Twaiba alikuwa akipiga pasi kanzu ya Feisal, ile nyeupe ya darizi kifuani. Akaiacha pasi pale pale, juu ya kanzu. Stima haipo, pasi ni chuma tu. Hakuizima wala hakuchomoa plagi.

Mara Hanifa huyo mlangoni, hata hodi hakumaliza.

"Mke wa Boga amejifungua! Mtoto wa kiume! Twende tukatoe hongera."

Twaiba alichungulia chumba cha ndani. Bi Mbeyu alikuwa amelala. Akajifunga leso, akatoka na shoga yake.

Nyumba ya Boga haiko mbali, ni ya sita kutoka kwa Twaiba. Walikuta wanawake wengi, vicheko vingi na kaimati za moto. Mama ni mzima? Mzima. Mtoto ananyonya? Ananyonya. Amefanana na nani? Hapo kila mtu akawa na jawabu lake.

Kisha feni ya ukutani ikaanza kuzunguka.

"Stima imerudi!" watoto wakashangilia.

Twaiba naye alifurahi. Akachukua kaimati nyingine, akaendelea kusimulia.

Muda si mrefu, nyanya wa mtoto alikuja na shuka nyeupe ya kumfungia mjukuu. Hanifa akaipapasa.

"Imenyooka hii! Nani ameipiga pasi?"

Kaimati ikamkwama Twaiba kooni.

"Pasi!" alipiga kelele. "Ya Rabi, pasi yangu!"

Alikimbia peku. Leso ilimdondoka njiani, hakuiokota. Alipofika karibu aliona moshi mweusi ukitoka dirishani na kupanda kwenye paa. Na paa la nyumba yake ni la makuti. Makuti makavu yakishika moto hayakupi nafasi ya kusema bismillahi.

"Mama! Mama yangu yuko ndani!"

Mkono mmoja ulimkamata begani. Alikuwa Lenah, mpangaji wa nyumba ya pili. Lenah ni mtu wa bara, fundi wa umeme katika hoteli moja ya Diani, na siku hiyo alikuwa mapumzikoni.

"Tulia, Twaiba! Nimeshamtoa. Yuko kule nyuma. Moto umezimika, usiingie kwanza."

Twaiba alizunguka nyuma ya nyumba. Bi Mbeyu alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, amefunikwa leso ya Lenah. Alikuwa akikohoa, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilikuita," alisema. "Nilisikia harufu, nikakuita mara tatu. Nikadhani unapiga pasi. Kisha nikajua hupo."

Twaiba alipiga magoti mchangani, akamkumbatia mama yake miguu. Alilia kwa hofu, akalia tena kwa aibu. Mama aliyemzaa alikuwa amelala pale hawezi hata kujiburuta, na yeye alikuwa akila kaimati.

Moshi ulipopungua, waliingia. Kanzu ya Feisal ilikuwa jivu. Blanketi lilikuwa limeungua, na meza ilikuwa na shimo la umbo la pasi. Pazia lilikuwa limeungua kutoka chini mpaka juu. Kutoka pale moto ulipokoma mpaka kwenye makuti, ilikuwa shubiri moja. Kila mahali palikuwa na mchanga.

"Nilizima swichi kubwa kwanza, hii ya mlangoni," Lenah alieleza. "Halafu nikamtoa mama kwa mlango wa nyuma. Halafu ndiyo nikamwaga mchanga."

"Kwa nini si maji?" Hanifa aliuliza. "Mtungi umejaa huu hapa."

"Kitu kikiwa na stima, usikimwagie maji. Stima itakurusha. Kata stima kwanza."

Hanifa alitikisa kichwa. "Tumshukuru Mungu. Ajali haina kinga."

Lenah alikuwa ameiokota pasi kwa kitambaa. Ilikuwa imeyeyuka upande mmoja. Alichungulia ndani ya mkono wa pasi.

"Hii ilikuwa na kinga, dada," alisema. "Kuna mtu ameing'oa."

Feisal alirudi alasiri, na Chirau akaitwa. Feisal alitaka kumfokea, lakini Twaiba akamzuia.

"Usimlaumu peke yake. Mimi ndiye niliyempelekea."

Chirau alizitazama zile waya alizoziunganisha kwa mkono wake. Jasho lilikuwa likimtoka.

"Hiyo kitu haikuwa mbovu, fundi," Lenah alimwambia, bila ukali. "Ni swichi ya usalama. Inajua kama pasi inasogezwa au imetulia. Pasi ikilala juu ya nguo bila kusogezwa, inakata moto baada ya nusu dakika hivi. Ikisimamishwa wima, inangoja zaidi, kama dakika nane."

"Dakika nane?" Feisal alimgeukia Hanifa. "Kwa salamu zenu, dakika nane hata hamjafika kuulizana watoto."

Hanifa alicheka licha ya huzuni. Hata Twaiba alitabasamu.

"Mbona pasi nyingine hujizima na kujiwasha?" Chirau aliuliza. "Nimeona hata kwenye pasi za zamani."

"Swali zuri. Hiyo ni swichi ya joto. Pasi ikifika joto ulilochagua, inakata. Ikipoa, inawasha tena. Itafanya hivyo kutwa nzima hata kama hakuna mtu. Hiyo inalinda nguo. Hii nyingine ndiyo inalinda nyumba."

"Na leo, stima iliporudi?" aliuliza Twaiba kwa sauti ndogo. "Kama ingekuwa na swichi yake?"

"Ingepata moto kidogo, ione haisogezwi, ikate. Ungerudi ukute taa inakonyeza. Hiyo taa ilikuwa inakwambia, nimezima, nisogeze niwake. Basi."

Twaiba aliikumbuka ile karatasi aliyowashia jiko. Pengine maneno hayo yote yalikuwa mle. Angeweza kumpa Feisal amsomee, au Lenah.

"Lakini hata pasi ya kujizima, chomoa," Lenah aliendelea. "Stima ikipotea, chomoa. Ukiitwa mlangoni, simamisha pasi, chomoa, ndiyo uende. Mashine inaweza kuharibika siku yoyote. Swichi inakusaidia siku ukisahau. Haikupi ruhusa ya kusahau."

Chirau alitaka kuitengeneza pasi ile bure. Lenah alikataa. Pasi iliyoyeyuka na waya ulioungua havirudi kazini. Basi Chirau akasema atachangia pasi mpya, na Feisal akampa mkono.

Jumamosi wakaenda Ukunda. Twaiba hakuchagua rangi safari hii.

"Ninataka inayojizima yenyewe," alimwambia mwenye duka.

"Zote ni nzuri, mama."

"Sikuuliza uzuri. Naomba uiwashe, tuilaze juu ya kitambaa, tuitazame."

Mwenye duka aliiwasha. Wakasimama wanaitazama pasi kama watu wanaongoja chungu kichemke. Mara taa ikaanza kukonyeza. Twaiba akaisogeza, taa ikatulia na pasi ikaanza kupata moto.

"Ndiyo hii," alisema. "Na karatasi yake usisahau kuitia kwenye boksi."

Karatasi hiyo Feisal aliisoma yote kwa Kiswahili, mkewe akisikiliza. Sasa iko kabatini, pamoja na vyeti vya watoto. Chirau naye ameandika maneno kwenye kibao cha kibanda chake: PASI INAYOJIZIMA HAIJAHARIBIKA. Watu wakimletea wakitaka swichi iondolewe, huwaonyesha kibao, kisha huwasimulia habari ya meza yenye shimo.

Meza yenyewe Twaiba hakuitupa. Ameziba lile shimo kwa ubao, na bado ndiyo meza yake ya kazi.

Mwezi mmoja baadaye, siku ya Ijumaa, alikuwa amemaliza kanzu tatu. Hanifa akasimama mlangoni.

"Hodi! Asalaam aleikum."

Kabla Twaiba hajafungua kinywa, sauti ikatoka chumba cha ndani.

"Ngoja kwanza hapo hapo! Twaiba!"

"Labeka, mama."

"Umechomoa?"

Twaiba aliisimamisha pasi wima, akachomoa plagi, akauweka waya mezani, juu ya kile kiraka cha ubao.

"Nimechomoa, mama."

"Basi mkaribishe mgeni," alisema Bi Mbeyu. "Haya, Hanifa mwanangu, hujambo? Watoto? Na yule mkweo wa Majoreni?"