Megabaiti Kumi na Sita

Jumatano, saa tatu na dakika kumi asubuhi, skrini sita za wodi ya mahututi zilizimika kwa pamoja. Ziliporudi, dakika kumi na moja baadaye, mgonjwa wa kitanda cha nne, baba wa watoto watatu, alikuwa ameshakata roho.

Muuguzi wa zamu alisimamishwa kazi papo hapo. Kengele ililia, barua ya kumsimamisha ilisema, akaipuuza.

"Haikulia, afande," alimwambia mpelelezi, mwanamke wa makamo aliyeandika kila kitu. "Nilikuwa kitanda cha kwanza. Ningesikia."

Msafishaji alishukiwa kwa nusu saa, kwamba labda alichomoa waya. Lakini seva, mashine kuu inayoendesha skrini na kengele, ilikuwa kwenye chumba chenye kufuli, na ufunguo hakuwa nao.

Mkuu wa idara ya kompyuta ya hospitali alimpokea mpelelezi kwa heshima zote.

"Mashine haina kasoro. Na usihangaike kutafuta picha ya kumbukumbu, ile ambayo mashine hujiandikia ikianguka; haikuandikwa."

Mpelelezi aliandika maneno hayo, na saa: tano na robo.

Seva ilifunguliwa saa saba, kwa mara ya kwanza tangu tukio, na fundi waliyemwita Kimya kwa kuwa hafungi mdomo.

"Kiini cha mashine, yaani programu yake ya msingi, kikianguka, kiini kidogo cha akiba huamka kikahifadhi picha ya yote yaliyokuwa kwenye kumbukumbu. Lakini kinahitaji nafasi yake, na nafasi hiyo hutengwa mashine inapowashwa. Kawaida megabaiti mia mbili hamsini na sita. Hapa mtu kaandika kumi na sita. Humo hata kugeuka hakiwezi."

"Lini?"

"Jumapili, saa nane mchana. Akaiwasha upya."

Daftari la mlangoni lilikuwa na sahihi moja tu ya Jumapili, nayo ya mkuu.

"Saa tano na robo mashine ilikuwa haijafunguliwa na mtu," mpelelezi alimwambia mkuu. "Ulijuaje picha haikuandikwa?"

Mkuu alivua miwani, akakaa nayo mkononi.

"Ilianguka mara mbili mwezi uliopita. Picha zote mbili zilionyesha kosa ni la programu ya kengele. Niliiandika mimi, afande, na ndiyo iliyonipa cheo. Nikazifuta, nikabana nafasi ili mashine isiandike nyingine. Nilidhani nitairekebisha kabla haijaua mtu."

Polisi walimchukua jioni hiyo. Wakili wa hospitali hakutikisika: kukiri kwa mkuu kulithibitisha namba iliyobadilishwa, si kengele iliyonyamaza. Picha ambayo ingesema ukweli haikuwepo duniani. Barua ya muuguzi ikabaki ilivyo, na programu ile ya kengele ikaendelea kufanya kazi, maana nyingine hawakuwa nayo.

Mpelelezi alimpelekea muuguzi habari hizo nyumbani. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mnyonge hana haki," alisema. "Zamu yangu kapewa nani?"

"Msichana mgeni kazini."

"Mwambie asiingoje kengele. Apite kitanda kwa kitanda."

"Vitanda ni sita, naye yuko peke yake."

"Najua," muuguzi alisema. "Mwambie tu."